Regulata ya Kuzamia: Kuchagua Itakayotoa Pumzi Mita 30 Chini ya Bahari

Kila nyumba inayopikia gesi inaijua regulata. Ndiyo inayokaa juu ya mtungi, inapunguza nguvu ya gesi, na kuipeleka kwenye jiko kwa kiasi kinachofaa. Ikiharibika, mpishi hufunga mtungi, hufungua madirisha na kumwita fundi. Chai itachelewa, basi.

Mzamiaji naye hutegemea regulata. Tofauti ni kwamba yake ikiharibika akiwa mita 30 chini ya maji, hana dirisha la kufungua wala fundi wa kumwita. Ana pumzi aliyonayo kifuani, mwenzake aliye karibu, na mafunzo aliyopata.

Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Galu hadi Shimoni na Wasini, kuzamia ni kazi. Wapo vijana wanaoongoza wageni chini ya maji, manahodha wanaowapeleka baharini, na wahudumu wanaobeba mitungi kila asubuhi. Wengi wakishapata cheti hutaka kununua vifaa vyao wenyewe, na regulata ndiyo ya bei kubwa zaidi katika orodha. Wengine hununua zilizotumika, nyingi zikiwa zimetoka Ulaya. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa zake, hasa kama anakusudia kuzamia kina kirefu au kwenda kufanya kazi katika nchi zenye maji baridi.

Regulata inavyofanya kazi

Kifaa hiki kinahusiana na gesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1943 nchini Ufaransa, afisa wa jeshi la majini Jacques-Yves Cousteau alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan kutengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi. Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kulisha injini za magari kwa gesi wakati wa uhaba wa mafuta ya vita. Vali hiyo ndiyo waliyoibadilisha ikafanya kazi majini.

Mtungi wa kuzamia ukijaa huwa na shinikizo la takriban baa 200. Gurudumu la gari dogo hujazwa baa 2 hivi, kwa hiyo mtungi una nguvu mara 100 ya gurudumu. Hakuna mapafu yanayoweza kupokea hewa ya namna hiyo moja kwa moja.

Regulata hupunguza nguvu hiyo kwa hatua mbili. Sehemu ya mtungini, ile ya chuma inayofungwa juu ya mtungi, huishusha hewa kutoka baa 200 hadi baa 9 au 10 hivi juu ya shinikizo la maji yaliyomzunguka mzamiaji. Hewa hiyo hupita kwenye paipu hadi sehemu ya mdomoni, ambayo huishusha tena mpaka ilingane na shinikizo la maji pale alipo. Hapo mzamiaji huvuta pumzi bila kutumia nguvu nyingi.

Kina kinavyoongeza mzigo

Kila mita 10 za kushuka baharini huongeza shinikizo la baa 1. Juu ya maji shinikizo ni baa 1. Kwenye mita 10 ni baa 2, kwenye mita 30 ni baa 4, na kwenye mita 40 ni baa 5.

Maana yake ni kwamba pumzi moja iliyovutwa mita 30 chini hubeba hewa mara 4 ya pumzi ya nchi kavu. Tuchukue mfano wa mzamiaji anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu. Akiwa mita 30, regulata yake italazimika kupitisha lita 80 kwa dakika. Mtungi wake wa lita 12 wenye baa 200 una hewa lita 2,400. Akiweka akiba baa 50, yaani lita 600, hubaki na lita 1,800. Zikigawanywa kwa 80, ni dakika 22 na nusu, na hapo hatujahesabu hewa ya kushuka na kupanda.

Sasa tuseme mwenzake ameishiwa na hewa. Wote wawili watavuta kutoka kwa sehemu moja ya mtungini. Mahitaji yanakuwa lita 160 kwa dakika, na kama wana hofu wakavuta haraka haraka, yanaweza kuzidi hapo. Regulata dhaifu ambayo haikuwahi kuleta shida kwenye mita 10 inaweza kushindwa wakati huo. Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu kama regulata inatoa hewa. Aulize kama itatosha watu wawili wenye hofu, mita 30 chini, mtungi ukiwa unakaribia kuisha.

Tena hewa yenyewe huwa nzito kadiri mtu anavyoshuka. Kuivuta na kuitoa kunakuwa kazi. Mzamiaji asipoitoa pumzi vizuri, gesi ya kaboni dioksaidi hujikusanya mwilini. Kichwa humuuma, huanza kuhema, na hofu humwingia bila sababu anayoweza kuieleza. Ajali nyingine huanzia hapo, wakati mtungi bado una hewa ya kutosha.

Kina cha namna hii hakiko mbali na nyumbani. Mabaki ya meli ya Alpha Funguo karibu na Diani yako kwenye mita 28 hivi, na kule Mombasa meli ya Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili matumbawe yaote juu yake, iko takriban mita 30 chini. Maeneo yote mawili hutembelewa na wageni wa kuzamia.

Iliyosawazishwa na isiyosawazishwa

Regulata za bei ya chini mara nyingi huwa hazijasawazishwa. Katika nyingi za aina hii, nguvu ya hewa ya mtungi yenyewe husaidia kufungua vali. Ni kama mlango unaosukumwa na upepo. Upepo ukiwa mkali mlango hufunguka wenyewe, ukipungua inabidi mtu asukume. Mtungi ukiwa umejaa, pumzi ni nyepesi. Mtungi ukishuka hadi baa 50, pumzi huwa nzito, na hapo ndipo mzamiaji anapohitaji wepesi zaidi.

Iliyosawazishwa imeundwa ili nguvu ya mtungi isiathiri vali. Pumzi ya kwanza na ya mwisho hulingana. Kwa anayefundisha wanagenzi mita 6 chini ya maji, isiyosawazishwa inaweza kumtosha. Kwa anayekwenda zaidi ya mita 18, sehemu ya mtungini iliyosawazishwa ichukuliwe kuwa sharti.

Pistoni au dayaframu

Ndani ya sehemu ya mtungini kuna njia mbili za kuendesha vali.

Ya kwanza ni pistoni. Ina vipande vichache, ni rahisi kwa fundi kuihudumia, na iliyo bora hupitisha hewa nyingi sana. Udhaifu wake ni kwamba katika nyingi maji ya bahari huingia hadi kwenye springi na kugusa pistoni yenyewe. Chumvi, mchanga na matope huingia pamoja nayo.

Ya pili ni dayaframu, yaani utando wa mpira unaotenganisha maji na vali. Ina vipande vingi zaidi, lakini vali hubaki mahali pakavu. Baadhi huongezewa utando wa pili wa nje ili maji yasiguse hata springi. Hizi ndizo huitwa regulata zilizofungwa kabisa.

Kwa anayefanya kazi kwenye maji ya matope karibu na mikoko ya Gazi au Vanga, au wakati wa kusi ambapo bahari huchafuka, dayaframu iliyofungwa kabisa ina faida ya wazi. Kwa anayezamia maji safi ya Kisite wakati wa kaskazi na kuosha vifaa vyake kila siku, pistoni nzuri iliyosawazishwa itamfaa pia.

Maji baridi: nani anahitaji?

Maji ya pwani ya Kenya huwa takriban kati ya nyuzi 24 na 30 za Selsiasi. Katika viwango vya Ulaya, maji huitwa baridi yakiwa chini ya nyuzi 10. Mzamiaji wa Diani hatakutana nayo hapa. Lakini akipata kazi ng'ambo atakutana nayo. Katika ufa wa Silfra nchini Iceland, maji huwa kati ya nyuzi 2 na 4 mwaka mzima. Katika ziwa la Bodensee, linalopakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, maji ya kina kirefu hubaki nyuzi 4 au 5 hata juu kukiwa na joto la kiangazi.

Tatizo lenyewe mwendesha bodaboda yeyote anaweza kulielewa. Mtu akibonyeza vali ya gurudumu lililojaa, upepo unaotoka huwa baridi kwenye kidole. Hewa inapotoka penye shinikizo kubwa na kutanuka, hupoa. Gurudumu ni baa chache tu. Hewa ya mtungi ikishuka kutoka baa 200 hadi 10 hupoa hadi chini ya kiwango cha maji kuganda.

Kwenye maji ya nyuzi 27, bahari huipasha regulata joto na hakuna kinachotokea. Kwenye maji ya nyuzi 4, joto hilo halitoshi. Maji yaliyo karibu na springi huganda, barafu huizuia vali kufunga, na hewa humwagika mdomoni bila kusimama. Hali hiyo inaweza kumaliza mtungi kwa dakika chache. Kina nacho huongeza hatari, kwa sababu hewa nyingi zaidi hupita kwa kila pumzi na kupoa kunazidi.

Ndiyo maana regulata ya maji baridi huwa imefungwa kabisa, ili maji yasifike kwenye springi. Nyingi huwa na sehemu ya mdomoni yenye chuma, kwa kuwa chuma hupokea joto la maji haraka kuliko plastiki. Wazamiaji wa nchi hizo hawaishii hapo. Hawavuti pumzi kwenye regulata wakiwa bado kwenye upepo wa baridi kali, hawajazi hewa kwenye koti la kuelea huku wakivuta pumzi, na wengi hubeba regulata mbili kamili kwenye vali mbili, ili moja ikiganda waifunge na kutumia ya pili.

Je, mkazi wa Kwale asiye na mpango wa kwenda ng'ambo anunue ya maji baridi? Halazimiki. Lakini akiipata iliyo nzima kwa bei anayoimudu, itamtumikia vizuri, kwa kuwa kifuniko kinachozuia barafu huzuia pia mchanga na chumvi.

Inavyofungwa kwenye mtungi

Kuna namna mbili za kawaida. Ya kibanio hukumbatia vali ya mtungi na kukazwa kwa skurubu ya nyuma. Ndiyo iliyozoeleka zaidi katika vituo vya watalii, na kikomo chake ni baa 232. Ya hesi, iitwayo DIN, huingia ndani ya vali kwa kuzungushwa. Hii hutumika hadi baa 200 au 300 kulingana na aina, na oringi yake hukaa ndani ambako si rahisi kuchomoka. Kwa kina kirefu wazamiaji wengi huchagua DIN, na kipo kiungo kidogo cha kuifanya ikae kwenye mitungi ya kibanio.

Mnunuzi wa bidhaa zilizotumika kutoka Ulaya ajihadhari na aina ya tatu, M26. Imetengenezwa kwa ajili ya mitungi ya hewa iliyoongezwa oksijeni. Kwa macho inafanana na DIN, lakini hesi zake ni pana zaidi na haiingii kwenye mtungi wa kawaida. Akiinunua bila kujua, atakuwa amenunua chuma cha kuweka kabatini.

Alama ya kutafuta

Regulata zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na alama EN 250 iliyochapwa kwenye mwili wake. Alama hiyo inaonyesha kwamba aina hiyo ilijaribiwa kwa shinikizo la mita 50, mashine ikivuta hewa lita 62.5 kwa dakika, na ikapimwa nguvu inayohitajika kuvuta na kutoa pumzi. Herufi A baada ya namba inaonyesha kwamba ilijaribiwa pia ikilisha watu wawili kwa pamoja. Kama kuna maandishi >10°C, regulata hiyo haikupitishwa kwa maji baridi. Kwa Diani haina neno. Kwa Iceland, hapana.

Kabla ya kulipia iliyotumika

Mnunuzi afanye ukaguzi ufuatao, muuzaji akiwepo:

1. Aangalie kichujio, kile kiduara cha chuma mahali hewa inapoingilia. Rangi ya kijani ni dalili kwamba maji ya chumvi yaliingia ndani. Rangi ya kutu huonyesha ilitumika kwenye mtungi uliooza kwa ndani.

2. Akunje paipu taratibu karibu na viungo. Nyufa ndogo zikionekana, paipu libadilishwe.

3. Regulata ikiwa haijafungwa mtungini na kifuniko chake kimekazwa, avute pumzi mdomoni. Hewa isiingie hata kidogo. Ikiingia, kuna tundu mahali, na majini litaingiza maji.

4. Aifunge kwenye mtungi uliojaa, afungue taratibu, asikilize. Mlio wa hewa inayovuja ni sababu ya kusimama.

5. Avute pumzi kwa nguvu mara kadhaa huku akitazama geji. Sindano ikishuka na kupanda kwa kila pumzi, ama vali ya mtungi haijafunguliwa vizuri ama kichujio kimeziba.

6. Aulize kumbukumbu za huduma. Kampuni nyingi hutaka huduma kila mwaka au miaka miwili, au baada ya idadi fulani ya mizamio. Zisipokuwepo, ahesabu gharama ya huduma kamili kama sehemu ya bei.

Swali la mwisho huenda ndilo muhimu kuliko yote: kuna fundi wa pwani aliyefunzwa kuhudumia aina hiyo, na vipuri vinapatikana? Regulata ya kifahari isiyo na vipuri ni hatari kuliko ya kawaida inayohudumiwa kila mwaka.

Mpaka ambao pesa hazivuki

Wakazi wa Kwale wanaovuka kwa feri hawajasahau Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni likiwa na mama na binti yake. Ilichukua hadi Oktoba 11 kulitoa. Gari lilikuwa mita 58 chini.

Wengi waliokuwa ufuoni siku zile walijiuliza kwa nini wazamiaji hawashuki tu. Hesabu za makala haya zinatoa sehemu ya jibu. Kwenye mita 58 shinikizo ni baa 6.8, na kila pumzi hubeba hewa karibu mara 7 ya ile ya juu. Kina hicho kinapita mita 40 ambazo ni kikomo cha wazamiaji wa burudani, na kinapita hata mita 50 ambazo kiwango cha EN 250 hutumia kupima regulata. Naitrojeni ya hewa ya kawaida hulevya akili, na kupanda bila kusimama njiani huleta ugonjwa wa viputo mwilini. Kazi ya kina hicho huhitaji mafunzo, timu, vifaa maalumu na mipango ya uokoaji.

Hivyo regulata bora haimpi mtu ruhusa ya kushuka zaidi. Mwenye cheti cha mita 18 hubaki mzamiaji wa mita 18 hata akinunua regulata ya gharama kuliko zote dukani.

Kutunza kilichonunuliwa

Chumvi ikikauka ndani ya regulata hukwaruza kama msasa. Baada ya kila siku ya kazi, kifuniko kikaushwe na kukazwa kwanza, kisha regulata ilowekwe kwenye maji baridi ya kawaida na kusuuzwa. Kitufe cha sehemu ya mdomoni kisibonyezwe wakati wa kuosha kama regulata haiko kwenye mtungi uliofunguliwa, kwa sababu maji yataingia ndani ya paipu hadi kwenye vali. Ianikwe kivulini, kwani jua kali huua mpira.

Kwa ufupi

Kwa maji yetu ya joto: iliyosawazishwa, yenye alama EN 250A, inayofungika kwenye mitungi iliyopo, na yenye fundi wa karibu. Kwa matope: dayaframu iliyofungwa kabisa. Kwa maji baridi ya ng'ambo: iliyofungwa kabisa, isiyo na maandishi >10°C, pamoja na mafunzo ya maji baridi kwanza.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya BMU na vya waongoza wageni

1. Mzamiaji anatumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Akiwa mita 40 atatumia lita ngapi?

2. Kwa nini regulata isiyosawazishwa huwa nzito mtungi unapokaribia kuisha?

3. Regulata mnazotumia zilihudumiwa lini mara ya mwisho, na kumbukumbu ziko wapi?

Jibu la swali la kwanza ni lita 100. Kama jibu la swali la tatu halijulikani, regulata hizo zipelekwe kwa fundi kabla ya safari inayofuata.